Nyonga ya Kushoto

Sikuanguka kwa ajabu. Busati tu,
lile dogo la mlango wa choo,
na mimi nawahi kutawadha alfajiri
kama nina miaka ishirini.
Marumaru haina huruma.
Nikasikia ka! kama kuni kavu,
na kabla maumivu hayajafika nikajua ni nini.

Mama mkwe wangu alianguka hivihivi, Ibra hii hii,
mwaka ambao lami haijatufikia.
Wakamlaza. Muunga mifupa akaja,
akamfunga kwa papi za mtende, akasoma,
akala tende zetu, akaenda zake.
Siku arubaini. Mgongo ukaoza, kifua kikajaa.
Zamani tukisema: nyonga ikivunjika, pima sanda.
Basi ndani ya ambalansi nikamwambia Ruqayya,
"Ufunguo wa kasha uko chini ya mto.
Dhahabu mgawane bila kelele."

Akacheka huku analia, mtoto yule.

Wakaja. Nikawahesabu, sina kingine cha kufanya:
Mundhir wa mifupa, mikono ya seremala;
Asila, daktari wa wazee
(sikujua kama na sisi tuna wetu);
Msudani wa dawa ya usingizi, sauti yake peke yake yatosha kukulaza;
mfamasia aliyemwaga mfuko wangu wa vidonge mezani,
akatenga viwili: "Hivi ndivyo vilivyokuangusha, bibi.
Busati limesingiziwa";
Jincy wa Kerala, wa mazoezi;
na binti wa chakula, ati samaki nilikula lini mara ya mwisho.

Nilidhani wataingia kwa zamu,
huyu akitoka ndipo aje yule,
kila mmoja aniulize upya jina na umri.
La. Walisimama pamoja, faili moja,
wakabishana mbele yangu kama watu wa posa kwenye mahari.
Huyu: "Leo jioni."
Yule: "Damu bado nyepesi, tungoje asubuhi."
Asila akanigeukia. "Bi Zuwena, wewe wasemaje?"

Mimi? Nilidhani mimi ni mfupa.
Nikasema: asubuhi. Lakini baada ya sala.

Usiku wa baada ya kupasuliwa, sisemi uongo,
mbuzi waliingia wodini.
Watatu, weusi, wanatafuna pazia.
Nikawafukuza kwa Kiswahili, Kiarabu chote kimenikimbia.
Muuguzi Marivic hakujua neno langu hata moja.
Hakunifunga kitandani. Aliwasha taa,
akanivisha miwani, akanitia kile kidude cha sikio,
akampigia Ruqayya, akaniwekea sauti yake shavuni.
Mbuzi wakatoka mmoja mmoja.
Nusu ya yule wa mwisho ilibaki hadi saa tatu.

Na hapo hapo Jincy: "Bibi, simama."
Jana nimepasuliwa, leo nisimame?
Nikamtukana, Mungu anisamehe, tusi la Unguja
ambalo hata wanangu hawalijui.
Akatikisa kichwa kama amesifiwa, akasogeza kigari.
Nikasimama. Miguu ya ndama.
Hatua mbili, jasho la ndoo.

Leo kumi na moja, kitanda hadi dirishani.
Nikaona magari yanaungua juani,
na nyuma yake kilima kile cha mawe
ambacho chini yake mama mkwe amelala.
Nikamwambia kimoyomoyo:
kumbe ilikuwa kusimamishwa tu, mama.
Sisi tulidhani tunakupumzisha.

Kesho narudi nyumbani. Busati limetupwa.
Hilal kapigilia vyuma chooni, vimepinda kidogo, nitanyamaza.
Nitasali kwenye kiti.
Asila aliniuliza nataka nini hasa, nikamjibu:
paji langu, chini, kwenye mkeka.
Hakuniahidi.
Aliandika, akawapa na wenziwe wasome.