Hodi ya Kwanza

Aliilaza simu kifudifudi juu ya kioo cha meza yangu
kama mtu anayelaza mtoto mwenye homa.
"Fundi, haijavunjika," akasema. "Imenivua nguo."

Mtaa wa Aggrey saa sita mchana haumsikii mtu:
spika ya jirani inatangaza kava, buku mbili, buku mbili,
jenereta linakohoa, mkokoteni unapita, "mafuta hayo, pisha!"
Nikasogeza sikio.

Alikopa elfu themanini kwenye programu,
ada ya mjukuu, ya wiki moja.
Siku ya nane meseji zikaenda
kwa watu mia mbili na kumi na mmoja:
kwa mwenyekiti wa kikoba, kwa ustadhi wa madrasa,
kwa mkwe wa Kilwa ambaye mahari yake haijaisha,
kwa muuza mkaa,
hata kwa namba aliyoihifadhi kwa jina la "Usipokee".
Huyu ni mdaiwa. Mwambieni alipe.

"Nani aliwapa watu wangu?"

Nikafungua Mipangilio, nikateremka hadi Ruhusa.
Pameandikwa pale, kwa utulivu kabisa:
Anwani, imeruhusiwa. Meseji, imeruhusiwa.
Picha. Maikrofoni. Mahali, wakati wote.
Sikumjibu. Nilimgeuzia kioo tu.

Jina lake Sikudhani, la kuzaliwa.
Siku ile alilitamka kama sentensi.

"Iliniuliza, kweli. Ilipiga hodi.
Mikono yangu ina unga, mafuta yamechemka,
nikasema karibu, karibu, karibu,
bila kuchungulia ni nani."

Mgeni akikaribishwa hukaa sebuleni, angoje maji.
Huyu alipita moja kwa moja hadi chumbani,
akafungua kasha, akahesabu kanga,
akatoka na majina ya watu mdomoni.

Tukaanza kufunga. Kwa kidole chake, si changu,
maana nyumba ni yake.
Kataa. Kataa. Mahali: ninapoitumia tu.
Tochi nayo, tochi! ilikuwa imepewa majina yote.
"Tochi inamtafuta nani?"
Akacheka, kisha akakumbuka alikuja kulia.

Meseji zisijianike kwenye kioo kilichofungwa,
maana pale Buguruni simu hulala kando ya ndoo ya maandazi
na wateja wana macho.
Namba ya siri ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa,
ule ule ulio kwenye kadi ya kliniki na kitambulisho.
Alipoibadilisha nilitazama ukuta.

Usiku isilie, kuanzia saa nne,
ila akipiga Mwanahawa wa Chanika,
mimba yake ina miezi minane.

Maandishi hakuniomba.
Nilimwona akiisogeza simu mbali, akikunja uso,
nikavuta kile kidude hadi mwisho wa mstari.
Herufi zikaumuka.
"Kumbe," akasema. "Kumbe miaka yote
ilikuwa inaniandikia kwa kunong'ona."

Lilikuwepo jambo moja nililolichelewesha:
majina yakishatoka hayarudi.
Ukitia komeo mwizi akiwa ameshafika Chalinze,
umetia komeo tu.
Deni liko palepale. Ustadhi ameshasoma.

Alipangusa kioo kwa ncha ya mtandio,
polepole, kama anatafuta alama za vidole vya mtu.
"Najua, fundi. Lakini leo nataka nilale
ndani ya nyumba yenye komeo."

Akauliza bei. Nilitaka kusema nenda tu, mama.
Nikamtazama: mtu amechoka kudaiwa.
Nikasema buku. Akatoa buku,
akaikunjua vizuri kabla ya kunipa.

Alikuwa hajavuka mfereji, mkoba ukalia.
Akaitoa simu, kioo kikawaka:
ujumbe mmoja.
Hakikusema wa nani wala wa nini,
nami niliyesimama karibu, mwenye macho,
sikujua.