Nyevu wa Sparki

Saa kumi na moja kasorobo, Moroto ya Tudor.
Bi Rukiya amesimama na beseni la mahamri,
mvuke unapenya leso, unalowesha maandishi yake.
Napiga kiki. Kimya.
Navuta choki mpaka mwisho, napiga tena,
nakoroga akselereta kama mtu akorogaye uji,
na kila teke ni kijiko kingine cha petroli.
Sikujua. Nilidhani naiamsha,
kumbe nainywesha.

Eksoso ikapiga mbweu.
Harufu ikapanda, ile kali ya kituo cha mafuta.
Bi Rukiya akaziba pua kwa ncha ya leso,
akasema, "Mwanangu, mahamri hayangoji,"
akapanda boda ya Chengo.
Shilingi mia yangu ikaondoka naye
ikipepesa taa nyekundu hadi kona ya msikiti.

Nikasukuma mpaka Sparki.
Mtaa wenye jina la cheche, na fundi aitwaye Nyevu:
jina lake lina maji, kazi yake kukausha.
Tumemtania mpaka utani umeisha makali.

Hakushika spana. Alinusa tu.
"Mateke mangapi?"
Nikasema kumi.
Yalikuwa thelathini, na yeye alijua.

Akafunga koki. Akarudisha choki.
Akafungua plagi, akanionyesha:
nyeusi, yang'aa, yatona
kama pua ya mtoto mwenye mafua.
"Moto haukukosa chakula," akasema. "Umekosa pumzi."
Nikatoa sigara nipate kufikiri;
akaipokonya bila hata kunitazama.

"Sasa fungua akselereta yote. Kiki, polepole. Iache ipumue."
Tundu la plagi likatema ukungu,
mara ya kwanza mwingi, mara ya tano haba,
mara ya nane hewa tupu.

Nyevu hufundisha kwa ubeti,
maana maneno matupu, asema,
twayasahau kabla ya kufika Makupa:

*Pikipiki ikilala, koki usiache wazi,*
*petroli haina mila, hupita bila ajizi;*
*sindano taka ikila, bakuli halijiwezi,*
*asubuhi ni madhila, plagi yalia machozi.*

"Na choki je?" nikauliza.
Akacheka hadi akaweka brashi ya waya chini.
"Mji huu? Watu watoka jasho wamelala,
nawe wavuta choki?
Choki wawachie watu wa Limuru.
Hapa iguse kidogo tu, tena ikigoma,
na ikishashika, irudishe.
Kabureta nayo niletee niisafishe, usingoje ikuaibishe."

Plagi ikakaa juu ya kigae, ikilisubiri jua.
Sina subira mimi. Mkono ukaenda mfukoni.

Jana usiku nilimwandikia Tima,
yule wa duka la dawa Mwembe Tayari.
Umefika? Umekula?
Mbona kimya? Nimekukosea?
Ujumbe kumi na mmoja, mmoja juu ya mwingine,
na mwisho picha ya ua ambalo si langu.
Wa kumi na mbili nikauanza palepale,
kidole kikiwa kimeelea juu ya herufi.

Nyevu, mgongo wake kwangu:
"Wacha ikauke."

Alikuwa akisema plagi.
Nadhani.

Ilipokauka akairudisha kwa vidole kwanza,
spana baadaye, robo mzunguko, basi.
Koki wazi. Choki chini. Teke moja.
Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe kama aliyeshikwa na haya,
ikakohoa tena,
ikashika.

Nililipa mia mbili.
Mahamri ya Bi Rukiya nilinunua manne kule Buxton,
yamekwisha kupoa.

Usiku huu nimeinama gizani
nikaifunga koki, nikaigusa mara ya pili kuhakikisha.
Simu iko juu ya kabati,
uso chini.