Magendo

Miaka kumi na tisa napima karafuu Wete
na neno lenyewe silitamki.
Nasema zao. Nasema mzigo wako, bwana.
Nasema hii bado mbichi, irudishe juani,
na mkulima hushika njia yake, hajui
kwamba nimempitisha njia ya panya
kama wale wavushao magunia usiku
kwenda ng'ambo, taa zimezimwa.

K ndiye forodha wangu.
Hukaa kooni, kavaa kofia,
kanyoosha mkono: simama.
Basi mimi hupinda.
Kesho huwa siku ifuatayo.
Kuku huwa yule ndege wa uani.
Wenzangu husema, Bwana Vuai ana Kiswahili kipana.
Upana wa mtu azungukaye shimo.

Si kwamba nilikaa tu.
Utotoni nilinyweshwa kombe,
zafarani ikanibakia menoni, ulimi ukabaki ule ule.
Ukubwani daktari wa Chake kanipa zoezi:
vuta pumzi, legeza taya, liache neno lielee.
Kila alfajiri mbele ya kioo cha kabati
ka, ka, ka,
mpaka mke wangu anasema chini ya shuka:
leo kunguru kawahi.
Hucheka. Nami hucheka. Kisha naendelea.

Binti yetu jina alipewa na bibi yake.
Kazija.
Mimi sikuulizwa.
Miaka ishirini na mitatu nimemwita Mama,
nimemwita Mwanangu, Nuru, We hapo,
na yeye huitika yote,
kama nyumba yenye milango tele ya uani
na ule wa mbele umekomewa.

Posa ikapita. Ijumaa, baada ya Alasiri.
Sheikh akasema: walii ni wewe,
ila waweza kunipa mimi uwakala, wengi hufanya hivyo.
Ndugu yangu Faki akanivuta pembeni:
mpe sheikh, yaishe,
watu wa Kiuyu wanakuja basi zima.
Alisema kwa mapenzi, najua.
Usiku nikaiweka ruhusa ile kwenye mizani.
Ilikuwa halali. Ilikuwa nyepesi.
Sikuweza kuipokea,
na sababu sikuwa nayo, wala sasa sina,
ila kwamba jina la mtu halina kisawe.

Msikitini nikashika mkono wa Shaame.
Kiganja chake kimelowa kuliko changu.
Nimekuozesha, nikasema.
Binti yangu, nikasema.
K akanyoosha mkono.

Sikupinda. Wala sikumshinda, nisiwadanganye:
mazoezi yote ya kioo yalinitoroka
mithili ya kuku aliyeona kisu.
Nilisimama naye tu.
Ka
feni ikazunguka
Ka
mtu akakohoa, mtoto akauliza ana nini yule
Ka
na hapo nikasikia, mimi mwenyewe,
kwamba hili si kikwazo cha jina lake,
hili ni jina lake,
mwanzo wake, mara tatu,
na hakuna aliyekufa.
Kazija.

Shaame alijibu upesi, nusura anikanyage sauti:
Nimekubali.

Halwa ikapita, kahawa ikapita.
Faki alinikumbatia, hakuniangalia.
Neno lile lilikuwa la Kazija, si langu,
lakini kipande chake nilikitia mfukoni
nikatoka nacho mlangoni kimya kimya.
Hulka ya magendo haiishi kwa siku moja.

Jumamosi alfajiri, kioo.
Ka, ka.
Mke wangu akafunua shuka:
He! Si umeshaoza?
Nikamwambia msimu umefunguliwa,
leo wataleta zao,
nikanyamaza.
Nikarudi nyuma hatua moja.
Leo wataleta ka

Akainuka, akakaa kitandani,
nywele timutimu, mikono mapajani.
Hakunimalizia.
Tukalisubiri.