Bi Minane Anasuka

Sikuanza mimi.
Alianza mtu asiyeonyesha uso, anajiita Tumbuu,
akachora pweza mwenye kilemba na miwani ya kusomea,
anagonga mihuri minane kwa mpigo mmoja
kwenye dirisha la ofisi isiyo na foleni.
Chini akaandika: Bi Minane hasemi njoo kesho.

Mji ukacheka. Nami nikacheka, huku Manzese,
nimesimama tangu saa mbili nyuma ya kichwa cha mtu,
vidole vinanuka mafuta na rasta iliyochomwa moto,
nikawaza: huyu mama angenifaa.

Usiku nikamchora.
Sina kalamu ya maana, nachora kwa kidole
kwenye simu yenye ufa kona ya juu,
ndiyo maana kila anga ninalochora lina radi.
Nikampa viti vinne, vichwa vinne,
mikono miwili kila kichwa,
vitunguu, yeboyebo, twende kilioni,
mteja hajafika hata nusu ya umbea wake
kichwa kimekwisha.

Nikaposti. Bando likakata palepale.
Asubuhi nikajiunga la mia tano, nikafungua,
moyo wangu mmoja unadunda kwa niaba ya mitatu ya kwake.
Wa kwanza kaandika: Supu bei gani?
Wa pili: Weka na ndimu.
Wa tatu, baba mtu mzima wa Tabata:
Nifungie ya moto, leo nina kazi usiku.
Sikudhani, mwenye saluni, alisoma begani kwangu
akacheka mpaka kitana kikamdondoka.

Lakini katikati ya supu
alikuwamo Havijawa wa Gongo la Mboto,
kaichukua mikono ileile, kaipa chapati za kusukuma.
Fundi mmoja wa Mbezi akamvalisha ovaroli, spana nane.
Na mlinzi wa usiku kule Mikocheni, hakutaja jina,
alichora kwa kalamu ya bluu nyuma ya daftari la wageni:
mikono saba imelala,
mmoja umeshika tochi.
Huo niliutazama hadi bando likakata tena.

Wino wa pweza ni wa kukimbilia,
anaumwaga, maji yanaingia giza, mwenyewe hayupo.
Sisi wetu wa kujitokeza.
Na bado hatujuani sura. Nikikutana na Havijawa sokoni Mabibo
nitamkanyaga mguu, nitamwomba radhi kama mpita njia.
Lakini najua anavyochora kucha.
Pweza hana kucha. Yeye anampa, nyekundu, zote nane.

Tumbuu hakusema neno.
Mwezi wa tatu akaacha kuchora kabisa.
Kachoka, wakasema. Kapata kazi. Kafa.
Wakaanza kugombania Bi Minane ni wa nani,
wakatukanana hadi alfajiri, watu wazima, kwa ajili ya pweza.
Mimi nikaendelea kusuka na kuchora.
Mkono mmoja haulei mwana,
na huyu tumeachiwa mlangoni.

Jumanne, saa saba usiku, umeme hakuna Manzese nzima,
simu asilimia tisa, ujumbe ukaingia.
Tumbuu.
Nikakaa wima. Nilijiandaa kwa mawili,
kusifiwa au kuitwa mwizi.
Akauliza:
Huo msuko wa kiti cha tatu unaitwaje?
Mama alikuwa akinisuka hivyo.

Nikamjibu: Twende kilioni.

Kimya. Vile vidoti vitatu vikacheza,
vikaacha, vikacheza.
Asilimia nne.
Nichoree tena, akaandika. Kiti kimoja tu.
Kichwa kiwe changu.

Simu ikazima kabla sijamuuliza
nywele zake ni ndefu au fupi, za kipilipili au laini,
ana kovu, hana,
yuko mtaa gani wa mji huuhuu.

Leo wateja walikuwa wachache, nikapata nafasi.
Nimechora kisogo.
Na mikono minane, yote, kwenye kichwa kimoja,
haina haraka.