Mkanda wa Nyuma Haukukaguliwa

Usiku wa Jumanne, donge la mwisho likiumuka,
Nerys amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa
nyuma ya tanuri la mikate, mjini Ammanford,
simu imeegemea pipa la sukari.
Kwa kidole chenye unga anaandika
namba za gari la Bwana Pugh.
Hataki tena mbuzi kwenye gunia.
Mwaka juzi aliuziwa mmoja, akafia barabara ya Swansea,
mvua ya mawe, mtoto analia,
taa za tahadhari zikapepesa, zikapepesa,
hadi betri nayo ikaaga.

Kumbe gari nalo lina wasifu.
Kila Machi linainuliwa juu,
fundi mwenye tochi anachungulia tumboni
na kuandika alichokiona, bila haya:

Machi 2011. Limefaulu. Maili elfu ishirini na saba.
Machi 2012. Limeanguka. Shokomzoba ya mbele kulia inavuja.
Kesho yake limefaulu.
Machi 2013. Limefaulu. Angalizo: kiti cha mtoto kimefungwa nyuma,
mkanda haukukaguliwa.

Sawa. Anasonga mbele.
Kutu kwenye bomba la breki, imeanza.
Kutu kwenye bomba la breki, imezidi. (Hapo nitakata pauni mia mbili.)
Tairi la nyuma kushoto linakaribia ukomo.
Kiti cha mtoto kimefungwa.
Fundi amebadilika, huyu hapendi maneno: Kiti. Mkanda haukuonekana.
2017, kiti.
2019, kiti.
2023, kiti cha mtoto kimefungwa nyuma.

Anahesabu kwa vidole, vidole vinaisha.
Mtoto gani huyu asiyekua?
Anarudi kwenye maili: mwaka mmoja mia tatu,
mwingine mia mbili na arobaini.
Hizo ni za dukani, za kanisani, za kwa daktari.
Si za kumpeleka mtu shule.
Tanuri linawaka, naye anahisi baridi shingoni.
Anaizima simu.
Mikate haimsubiri mtu.

Jumamosi, Bwana Pugh ameliosha gari
hadi vifuniko vya valvu.
Nerys anapiga goti kwenye changarawe,
anapitisha kidole chini ya mlango,
kinarudi na rangi ya chai.
Anafungua nyuma. Kiti hakipo.
Zimebaki alama nne zilizozama kwenye kitambaa,
na katikati yake buluu mbichi
ambayo jua halijawahi kuigusa.

"Bomba la breki?"
"Jipya. Risiti hii hapa."
"Na kiti?"
Lilimtoka kama chafya.

Mzee akafuta kioo kilichokuwa safi.
"Ah, cha Branwen, mjukuu.
Walihamia Winnipeg ana miezi saba.
Nilikinunua walipokuja, Agosti ile, wiki mbili.
Halafu sikuweza kukifungua.
Kile kifungo chekundu unabonyeza huku unavuta,
kinataka mikono miwili, na bega langu hili..."
Akalishika bega.
"Ana miaka kumi na minne sasa. Anacheza hoki.
Ananizidi kimo, kwa picha."

Nerys akalitazama bega,
lile lile aliloliona kutoka getini, robo saa iliyopita,
likibeba jeki ya chuma na gurudumu la akiba
kama mtu abebavyo kikapu cha mayai.
Hakusema.
Akawasha injini, akaisikiliza,
akatia gia ya kwanza, ya pili, mpaka kanisani na kurudi,
breki zikashika mara moja.

Zile mia mbili alizokuja nazo mdomoni
akazimeza.
Akaomba punguzo la arobaini, la nyuma kushoto.
Tairi ni tairi.