Barua ya Nne kwa Chumba Namba 14

Bwana Gawron,
mimi ni Bogumiła Stec wa Mtaa wa Kiwanda cha Sukari,
yule uliyemwambia Jumanne arudi Alhamisi,
na Alhamisi mlango wako ulikuwa na karatasi:
Tumekwenda mafunzoni.

Miaka thelathini na mmoja niliwakatia watu tiketi za treni.
Kuhesabu najua, ndiyo maana sikuandikii kwa machozi.
Watu watatu, siku mia na ishirini,
zloti arobaini kwa kichwa kwa siku.
Mmenilipa pungufu.
Mgeni namba mbili, mmeandika, hakuwepo siku tisa.

Mgeni namba mbili anaitwa Paraska Hnatiuk.
Alivuka mpaka kwenda kumzika mumewe,
mzee aliyegoma kuwaacha nyuki wake,
moyo ukamsaliti kabla bomu halijamfikia.
Alipanda basi la usiku na mkate wangu mfukoni,
akarudi na masega mawili ya asali
na koti la mwanamume.
Mpakani walimgongea muhuri wa kutoka.
Hapo ndipo ninyi mlipomwona.
Siku zote alizokuwepo hamkuwahi.

Sasa nieleze, wewe uliyesoma:
kitanda kisicholaliwa ni cha nani?
Shuka nilizifua, nikazipiga pasi.
Chumba nilikipasha moto
kwa kuwa bomba la ukuta ule hupasuka barafu ikiingia,
na kwa kuwa atokaye makaburini
hafai kupokewa na baridi.
Makaa ya mawe hayakusafiri, Bwana Gawron.
Yaliungua siku zote tisa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi ya tatu tulimpa fomu,
fomu ikazaa fomu,
na kila fomu ikamuuliza jina la mumewe.

Jirani yangu Wacława aliniambia dukani,
foleni nzima ya nyama ikisikia:
"Umepata biashara, wageni wako wana mshahara!"
Lesia, binti yake Paraska, alikuwa nyuma yangu na kikapu.
Usiku ule aliosha sahani zilezile mara mbili.
Asubuhi nikakuta sarafu chini ya chupa ya chumvi,
zloti kumi na moja, zimepangwa kama mnara,
na mwanawe Ostap akalikataa yai la pili.
Yai hilo liandike mahali
katika vitabu vyako.

Nilipowafungulia mlango usiku ule wa Machi
sikuuliza bei. Niliandika hivyo barua ya kwanza, na ni kweli.
Barua ya pili niliandika kwamba nadai haki, si fedha.
Hapo nilidanganya kidogo.
Nazitaka zile zloti mia tatu na sitini.
Pensheni yangu hufa tarehe kumi na tisa.
Huruma na bili ya gesi
hukaa meza moja nyumbani kwangu,
hupitishiana chumvi.

Dada yako amenidokeza kanisani
kwamba nawe una familia ya watu wanne ghorofani,
na hujaomba hata senti
kwa kuogopa ya wenzako ofisini.
Basi labda hesabu hii unaijua kunishinda.

Naambatisha tiketi ya basi, kwenda na kurudi.
Naambatisha cheti cha kifo,
maana mlitaka ushahidi wa sababu ya kutokuwepo,
pamoja na tafsiri niliyoilipia mwenyewe.
Paraska alikitoa ndani ya lile koti,
akakinyoosha kwa kiganja juu ya kitambaa cha meza,
akauliza, kwa Kipolandi alichojifunzia jikoni kwangu:
"Watakirudisha?"
Nikamjibu ndiyo.

Fedha mkichelewesha, nimezoea.
Cheti nitakuja kukichukua Alhamisi
saa mbili asubuhi.
Uwepo.