Kuchambua

Mwaka ule tulilipwa kwa debe.
Kiwanda cha kahawa, Moshi, upande wa reli,
meza ndefu, wanawake arobaini,
buni zikimwagwa mbele yetu kama mvua ya mawe
na vidole vikijifunza kuona kabla ya macho:
hii nzima, hii imetobolewa,
hii nyeusi, itupe,
hii imevunjika lakini ina bei yake.

Redioni yalikuwa maneno matatu:
uwezo, sababu, nia.
Tulipiga makofi, sikatai.
Mimi nilipiga mpaka viganja vikaniwasha,
maana Kirita, mdogo wangu, alikuwa keshachukuliwa
na basi la shule, viti vya mbao,
viatu vyangu vya mvua miguuni mwake.

Kisha wakavuka mpaka.
Hapo ndipo meza yetu ilipogawanyika.

Namkunda, Mpare wa Usangi, asiyeinua kichwa akisema:
"Fimbo ya mbali haiui nyoka.
Walichoma nyumba, wakaswaga ng'ombe, wakaua.
Umwachie apumzike ng'ambo ya mto, arudi kesho?"

Ndeanasia akacheka kwa pua.
"Nyoka keshatoka shambani, mama.
Sasa tunamfuata shimoni.
Niambieni tu: tunamtaka nyoka,
au tunalitaka shimo?"

Kimya. Buni zikaendelea kuanguka.

"Kule nako kuna watu," akasema Aikande,
ambaye shangazi yake aliolewa Masaka
na barua zake zilikoma mwaka wa sabini na nne.
"Wametupwa mtoni kama makapi. Nani awasikie?"

"Na miaka yote hiyo hatukuwasikia?
Masikio yetu yamezibuka lini, Aikande?
Si siku tulipoguswa sisi?"

Hata Namkunda aliinua kichwa.

Msimamizi, Bwana Elirehema, akapita na daftari lake.
Tukageuka wataalamu wa kahawa.
Alisimama nyuma yangu muda mrefu,
akauliza, si kwa sauti ya kazini:
"Kuna aliyepata barua?"

Mwezi wa tatu wakaja wageni wenye suti,
hapa hapa mjini kwetu, kuzungumza
nani atakalia nini vita vikiisha.
Binamu yangu alipiga pasi mashuka
kwenye hoteli walikolala baadhi yao.
Alisema wanabishana hadi usiku wa manane,
chai inapoa, na sukari,
sukari tuliyoipangia foleni tangu alfajiri,
inabaki chini ya vikombe haijakorogwa.
Sijui kama ni kweli. Binamu huyo husema mengi.
Lakini sukari ile ilinikaa kooni.

Nilikuwa upande gani?
Asubuhi na Namkunda, jioni na Ndeanasia,
usiku na viatu vyangu vya mvua, popote vilipo.

Kirita alirudi mzima. Nasema mzima
kama tunavyosema buni ambayo hujaipasua.
Wenzake walileta redio, mmoja cherehani.
Yeye alileta ufunguo,
wa nyumba ya mtu, Masaka au mbele ya Masaka.
"Mlango haukuwepo tena," alisema, "nikaokota."
Nikamwongezea ndizi sahanini. Hatukurudia.

Ufunguo uko ukutani, msumari mmoja na kalenda.
Wajukuu wanaulizana unafungua nini.

Uwezo niliuona: ulipita barabarani na mabasi ya shule.
Sababu niliisikia, na hadi leo naiita sababu.
Nia ndiyo buni inayonishinda.
Naizungusha kidoleni: upande huu nzima,
upande huu katundu kadogo
kama ka ncha ya sindano,
na sijui niitie debe lipi.